Nati ya Gitaa na Wema wa Nasri

Nachingwea, Jumatatu, 3 Agosti 1998

Nati imelegea! Ile ya kwenye tundu la kuchomekea waya wa gitaa. Likinguruma kidogo, linanyamaza. Na Jumamosi ni Nane Nane, tunapiga Ruangwa. Mzee Saleh, kiongozi wa bendi, katangaza kuwa atakayeng'ara kwenye solo siku hiyo ndiye atakayebaki nayo mwaka mzima.

Nani kailegeza? Mazoezini nilizunguka mara tatu huku nikipiga, kama kawaida yangu, waya ukanifunga miguu, nikauvuta. Kugeuka nyuma, nani yuko hatua mbili? Nasri. Anapiga gitaa la ridhimu, anaitaka solo. Sisemi kitu. Naandika tu.

Jumanne, 4 Agosti

Nimerudi tu kutoka shule kufundisha, Nasri kaja nyumbani bila kuitwa. Ni fundi redio pale sokoni. Kaleta soketi, ile spana ya bomba inayovaa nati nzima. Eti nati ile imezama shimoni, haishikwi na kingine. Eti nifungue kifuniko cha nyuma, nishike lile tundu kwa ndani lisizunguke na kukata nyaya. Nikamshukuru sana, nikamwambia soketi yangu iko njiani kutoka Masasi. Uongo mtupu. Lakini mtu mwenye nia safi hatembei na soketi mfukoni.

Mke wangu Felomena kaniuliza, Baba Doris, huyu Nasri kakukosea nini? Naye nitamchunguza.

Jumatano, 5 Agosti

Nimejaribu spana ya baiskeli, ile bapa yenye matundu mengi. Mtaani kwetu hakuna ambacho hakijakazwa nayo: vitanda, milango, hadi mashine ya kusaga. Haikuingia. Nikachukua koleo, lile la kubania nyaya. Likaingia! Likateleza. Mchubuko kutoka tundu hadi kwenye nyuzi. Nimepaka dawa ya viatu. Gitaa jekundu, dawa nyeusi. Ukisimama mbali huoni.

Alhamisi, 6 Agosti

Koleo limeshika. Nati ikazunguka. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Nikaendelea mpaka kiganja kikauma, maana kitu kikizungushwa hivyo lazima kikaze. Ndani kikalia tak. Felomena akasema si uliambiwa ushike kwa ndani. Kayajuaje? Wameshapanga!

Jumapili, 9 Agosti

Jana Ruangwa. Wimbo wa kwanza tu, gitaa kimya. Watu wameuza ufuta, wamefurahi, kina mama wameshika kanga za kutunza, mimi vidole vinacheza bila sauti. Mzee Saleh akamwashiria Nasri achukue solo. Akachukua. Kanga zote shingoni kwake. Nilikwenda kukaa nyuma ya spika nikalia. Hii shajara ni yangu, naandika ukweli: nililia.

Wakati wa mapumziko Nasri akanifuata. Akafungua kifuniko, nyaya zimejisokota zimekatika. Akaziunga, akashika kwa ndani, akakaza kwa soketi. Dakika chache tu. Akanirudishia gitaa.

"Chukua solo yako, Mwalimu. Mimi ridhimu inanitosha."

Nikapiga mpaka jua likazama. Nikazunguka mara nne, uwanja mzima ukashangilia! Mzee Saleh akasema solo ni yangu mwaka mzima.

Njia nzima ya kurudi sikusinzia. Kwa nini anirudishie? Mtu gani anaachia solo? Humo ndani kuna kitu amekiweka. Na soketi kaniachia, sikuiomba. Nimeitupa chini ya kitanda.

Asubuhi hii nimeigusa nati. Imelegea tena! Kwenye ule mzunguko wa nne, Nasri alikuwa hatua mbili nyuma yangu, nilimwona kwa macho yangu.

Nimemtuma Felomena anitafutie lile koleo.