Miaka Mitano Ambayo Sikuwapo

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Utumishi,
Ghorofa ya pili, mlango wenye pazia la kijani,
Hospitali Yetu.

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA WATOTO ELFU MOJA NA AROBAINI NA WATATU WALIOZALIWA BILA MZALISHAJI

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama si mzima, karibu wodini, ingawa kwa mujibu wa kumbukumbu zako hutanikuta. Mimi ni muuguzi wa kujitolea katika wodi ya wazazi ya hospitali hii, mwaka wa tano sasa. Wenzangu wananiita Sista Kesho, kwa sababu kila nilipouliza habari za ajira niliambiwa nije kesho. Nami ni mtu msikivu, kwa hiyo nimekuja kila kesho, nikavaa sare, na wakati nasubiri nikawa nafanya kazi ili nisikae bure.

Wiki tatu zilizopita ofisi yako ilibandika tangazo la nafasi moja ya muuguzi katika wodi hiyohiyo. Nikaomba. Juzi wasifu wangu ulirudishwa, na mbele ya neno "Uzoefu" kuna maandishi ya kalamu nyekundu: "Hakuna." Karani wako, mtu mpole asiyependa kumwangalia mtu usoni, alinieleza kwamba wa kujitolea hayumo kwenye orodha ya watumishi, na asiyekuwemo kwenye orodha hakuwapo. Sina ugomvi na orodha, Mheshimiwa. Ninachoomba ni kwamba kama sikuwapo, basi nisiwepo kwa kila jambo, si kwa wasifu peke yake. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu matayarisho ya wasifu. Tangazo lilitaka kurasa mbili zilizochapwa. Nilikwenda kwa Bwana Herufi, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala mbele ya geti letu, ambaye amewachapia wasifu nusu ya wafanyakazi wa hospitali hii na anawajua kuliko wake zao. Aliniuliza napenda nini nikiwa na nafasi. Nikamjibu, kulala. Akaniambia, "Dada, hapa hatuandiki kulala, watakuona mvivu," akaandika kuogelea. Mimi, Mheshimiwa, maji yakifika magotini huanza kusali. Lakini nilikuwa na haraka ya kurudi kwa mama mmoja aliyekuwa na uchungu, nikaacha ipite. Sasa nimepokea wasifu wangu na kuukagua mstari kwa mstari. Katika kurasa mbili nzima uongo ni huo mmoja, na ndio mstari pekee ambao ofisi yako imeuwekea alama ya vema.

2. Kuhusu barua ya uthibitisho. Karani alinishauri kwamba wa kujitolea anaweza kufikiriwa akileta barua ya mkuu wa wodi. Nikafurahi, maana mkuu wa wodi tunafahamiana sana. Sista Mkubwa alipostaafu mwaka juzi, ofisi yako ilimwambia anikabidhi funguo, mihuri na daftari hadi atakapopatikana mtu. Hajapatikana, kwa hiyo mkuu wa wodi ni mimi. Niliketi nikajiandikia barua ya haki kabisa, yenye sifa na kasoro, nikataja hata kwamba mwombaji ana ulimi mkali. Ikarudishwa, kwamba mtu hawezi kujithibitisha, apeleke kwa mkubwa wake. Nilirudi wodini nikamtafuta mkubwa wangu. Nilimkuta chooni, kwenye kioo, anafunga kilemba. Hakuwa na la kunisaidia.

3. Kuhusu watoto. Hapa ndipo penye uzito. Daftari la vizazi lina watoto elfu moja na arobaini na watatu ambao kwenye safu ya "Aliyezalisha" pana saini yangu. Kama sikuwapo, hawa hawakuzalishwa na mtu, na katika taaluma yetu mtoto hajizalishi. Maana yake wamo mitaani kinyume cha utaratibu. Naomba ofisi yako iwaandikie wazazi wao wawarudishe, wakubwa kwanza, asubuhi, ili pasiwe na msongamano getini. Mkubwa kabisa ana miaka mitano kasoro, anasoma chekechea na anahesabu hadi ishirini, kwa hiyo aelezwe kwa upole. Watatu ni wa dereva wa gari la wagonjwa, aliyewapata kwa mkupuo mmoja. Yeye sidhani kama atakata rufaa.

Wapo pia waliotoka kimya. Mheshimiwa, sijui kama umewahi kusikia chumba ambacho mtoto amezaliwa na hakulia. Mama anauliza, "Mbona halii?" na wewe humjibu, unakanda, unafuta, unampulizia hewa, unahesabu. Mmoja alinichukua dakika kumi na moja. Nilimuuliza Bwana Herufi dakika hizo tuziweke wapi, akatazama karatasi, akasema chini ya "Elimu" hazikai na chini ya "Mengineyo" ni kuzidharau. Tukaziacha. Yule mtoto nampenda, nasema bila aibu. Huyo nitaomba arudishwe wa mwisho.

4. Kuhusu mali ya hospitali niliyonayo kichwani. Mizani ya watoto inazidisha gramu mia mbili. Kabati la dawa halifunguki kwa ufunguo, linafunguka ukinyanyua mlango kwa goti. Mtungi wa oksijeni wa upande wa dirisha unaonyesha umejaa hata ukiwa mtupu. Daktari wetu wa zamu ukimwambia "njoo" haji, bali ukimwambia "basi usije, nitajaribu mwenyewe" anakuja anakimbia na kiatu kimoja. Haya nimeyajua katika miaka ambayo sikuwapo, kwa hiyo nimeyapata kwa njia isiyo halali, na niko tayari kuyasalimisha. Naomba niletewe fomu ya makabidhiano. Nitasaini mimi kama mtoaji, na kwa kuwa mimi ndiye mkuu wa wodi, nitasaini tena kama mpokeaji.

5. Kuhusu saini. Nimeona ubaoni majina ya watatu mliowaita kwenye usaili. Nawapongeza wote, ni watoto wazuri, nawajua. Walikaa kwangu kwa mkataba, kila mmoja miaka mitatu na ushei. Wa kwanza alipoona damu siku ya kwanza alianguka, nikampepea kwa kadi ya mgonjwa. Wa pili alikuwa akimwita kila mzazi "shangazi" kwa woga. Wa tatu ana mikono bora kuliko yangu, na nilimwambia hivyo. Wote watatu wana uzoefu unaotambuliwa na ofisi yako, nao umethibitishwa kwa barua tatu, muhuri mmoja, saini moja. Saini hiyo ni yangu. Mtu ambaye hakuwapo amethibitisha kwamba wenzake walikuwapo, nanyi mmemwamini mara tatu. Mnaonaje mkimwamini na ya nne? Mganga hajigangi, nakubali, lakini huyu wa kwenu hata ushahidi wa kuwapo kwake inabidi aombe kwa wanafunzi wake.

6. Kuhusu nyumbani. Hili si la kiofisi, ila linanikera kuliko yote, na kalamu ni yangu. Mume wangu ni makenika. Anasema gari la mteja likiendeshwa na gereji kila siku kwa miaka mitano, hilo halipo kwa matengenezo, limeshaibwa. Mama mkwe wangu, ambaye hana ubaya, kila asubuhi nikivaa viatu huniuliza, "Mwanangu, hiyo kazi leo unakwenda kuitafuta au kuifanya?" Miaka mitano sijapata jibu la kumpa mama wa watu. Tangazo lenu linasema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Mwezi ujao natimiza arobaini na sita. Baada ya hapo hakuna hospitali itakayonichukua, hii wala nyingine, na nitabaki na kilemba cheupe, na vidole vinavyojua kazi ambayo havikuwahi kupewa. Nimechoka, Mheshimiwa. Naumia pia. Nimeliandika hilo kwa wino wa kawaida kwa sababu mwekundu unatumika ofisini kwako.

Kutokana na hayo, naomba moja kati ya mambo mawili. Ama neno "Hakuna" lifutwe, liandikwe "Miaka mitano", niitwe kwenye usaili na wenzangu, nishindwe kwa haki kama kushindwa kupo. Ama, kama orodha ndiyo yenye kusema kweli, nami nakubaliana nayo. Kuanzia Jumatatu ijayo saa moja asubuhi nitaanza rasmi kutokuwapo. Sitafungua kabati kwa goti. Sitamdanganya daktari. Mzazi akiita "Sista!" ataitikiwa na orodha. Huu si mgomo, maana anayegoma ni mtumishi. Huku ni kuoanisha hali halisi na kumbukumbu, kazi ambayo nadhani ndiyo ya ofisi yako, na nimeifanya kwa kujitolea kama kawaida yangu.

Nisalimie karani na umwambie sina kinyongo naye. Nisalimie mlinzi wa geti, ambaye kwa miaka mitano ameniandika kwenye daftari lake chini ya "Wageni". Wasalimie wote wa ghorofa ya pili, pamoja na mkeo na watoto, kama walizaliwa mbele ya mtu anayetambulika.

Wako katika utumishi usioonekana,

Sista Kesho,
Muuguzi wa kujitolea, na Kaimu Mkuu wa Wodi ya Wazazi.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii nikaenda kupanga zamu za wiki ijayo, kazi ambayo nayo ni yangu. Nimeona Jumatatu haitawezekana, wala Jumanne. Sista mmoja yuko likizo, mwingine anauguza mama yake, na kwenye kitanda namba sita kuna binti wa mimba ya kwanza ambaye amenishika mkono tangu asubuhi na kuniapia kwamba nisipokuwepo hasukumi. Nikasogeza kutokuwapo kwangu hadi Jumatano, ila Jumatano ni siku ya upasuaji na hakuna wa kumpokea mtoto. Alhamisi na Ijumaa wanafunzi wapya wanaripoti. Jumamosi na Jumapili hakuna aliyekubali, nikajiandika. Kwa hiyo naomba, kwa heshima, ofisi yako initafutie siku moja ya kutokuwapo, maana mimi nimeitafuta kwenye zamu zote nimeikosa.