Kompyuta Inayowaka kwa Fundi na Kugoma Kwetu

Mdogo wangu, Mjomba wa nyumba hii na mwamuzi wa kesi zetu zote,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa, na umeshakula, maana si ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi afya ninayo. Ninachokosa ni heshima.

Kama ujuavyo, binti yangu wa mwisho amejifungua huko ughaibuni, na mjukuu wangu nategemea kumwona kwenye kompyuta ya sebuleni. Simu ya mwanangu ipo, lakini kioo chake kimepasuka, na humo mtoto ana macho manne. Sasa kompyuta imegoma kuwaka, na lawama zote nimetupiwa mimi. Naomba unisikilize, kisha utoe hukumu.

1. Ukiibonyeza, taa inawaka, feni yake inazunguka, halafu inalia ti, ti, ti na kuishia hapo. Haisemi inaumwa wapi. Marehemu shemeji yako naye alikuwa akinuna bila kutaja sababu, lakini yeye angalau alikuwa akila. Ilianza siku ile ulipomaliza kututembelea ukaondoka, nikadhani imekukumbuka.

2. Mwanangu ni fundi bomba, na anaamini kila kitu duniani kimeziba. Amelipiga boksi la kompyuta makofi, amepuliza waya, ameichomoa kwenye umeme na kuichomeka tena mpaka soketi imelegea. Ikalia vilevile. Alipokwenda kuchukua spana kubwa nilimfukuza sebuleni.

3. Mkwe wangu muuguzi, mke wa huyo mwanangu, ndiye anayenitoa machozi. Unakijua kitambaa cheupe nilichokifuma kwa mkono kuifunika kompyuta yote, kuanzia skrini hadi kibodi. Utaratibu niliouweka ni mwepesi: mashine inawashwa ikiwa imefunikwa, na inafunuliwa ikishaamka. Hata wewe hupendi kuvuliwa shuka ukiwa usingizini. Basi mkwe wangu akasema, tena mbele ya wageni, kwamba mgonjwa hapimwi akiwa amejifunika, tukitoe kitambaa kwanza. Kitambaa changu! Mimi niliyewashonea nguo nusu ya watu wa mtaa huu! Nilimjibu kwamba hii ni sebule, si wodi. Tangu hapo ananiamkia kwa adabu iliyozidi, na wewe unaijua adabu ya namna hiyo.

4. Tukaita fundi wa kompyuta. Akabeba boksi peke yake hadi kibandani kwake, akaliunganisha na skrini yake na kibodi yake, na likawaka bila kinyongo. Kwa mtu baki! Alipolirudisha tukapanga kila kitu kama kawaida, nikaifunika mashine vizuri, na juu ya kitambaa, upande wa kibodi, nikarudisha kile chombo kizito cha maua ulichoniletea safari ile, ili pangaboi lisipeperushe kitambaa. Ikalia ti, ti, ti. Tulipompigia simu fundi akasema kwake ilikuwa nzima, hivyo ubovu uko kwetu.

5. Hapo nikakaa nikafikiri. Kama mashine ni nzima kwa fundi na mbovu kwetu, basi mbovu si mashine, ni nyumba. Na nyumba haibebeki kupelekwa kwa fundi. Kwa hiyo naomba uamue kwamba familia nzima ihamie kwenye kibanda chake. Nimekipima kwa macho: kitanda changu kinaingia, mwanangu atalala kwenye benchi, na mkwe ana zamu za usiku. Fundi mwenyewe hajaulizwa, lakini anaonekana mtu wa watu.

6. Usipoafiki, nakuja kuishi kwako. Nasema kwa uchungu, mdogo wangu. Yule mtoto atajifunza kucheka na mimi hata akilia sijamwona. Mizigo naanza kufunga leo, na cha kwanza ni kitambaa.

Nisalimie mkeo, wanao wote, jirani yako mwenye kikohozi, na yule fundi viatu aliyekaa na viatu vyangu. Mwambie na yeye namkumbuka.

Nabaki, kwa unyenyekevu ambao nashauri usijaribiwe,

Dada yako mkubwa,
Fundi cherehani mstaafu.

Nyongeza: Bahasha nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Nilipokwisha kutia sandukuni kitambaa na chombo chako, mkwe wangu alipita akaibonyeza kompyuta ikiwa wazi. Ikawaka kimya. Akakitoa chombo sandukuni, akakiweka tena juu ya kibodi ili kuhakikisha: ti, ti, ti, na maandishi kwenye skrini kwamba kuna kitufe kimebanwa. Kumbe mashine ilikuwa ikituandikia shida yake kila siku, chini ya kitambaa. Kwa hiyo mshtakiwa ni wewe na chombo chako. Jihukumu kwa haki.

Mkwe wangu alinivutia kiti, akampigia binti yangu. Mtoto nimemwona. Ana macho mawili, yamefumba. Mama yake alitaka kumfunua ili nimwone vizuri, nikamkataza: aachwe na shuka lake mpaka aamke mwenyewe. Mkwe wangu amevuta kiti chake karibu na changu, na tunasubiri.