Malalamiko Kuhusu Bakteria Wangu Kuhesabiwa Ukoo Mmoja na wa Kiti

Zadock Kavumbi,
Wema, Garsen.

Kwa Mkuu wa Maabara ya Utafiti wa Vidonda vya Tumbo.

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu zangu, ingawa nazitoa nikiwa nimejishika tumbo. Mimi ni mkulima na mzee wa kanisa. Tangu mafuriko yalipofuta mpaka kati ya shamba langu na la jirani yangu Kiti, sijaonja hata maji ya kwake. Huu ni mwaka wa saba, na kijiji kizima kinajua.

Wataalamu wenu walituingiza sisi wanakijiji wenye vidonda mpira wenye kamera kooni, wakachukua kipande kidogo cha nyama tumboni, wakaotesha bakteria na kupima vinasaba vyao. Hilo sikulipinga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mpimaji wenu Lorna alinionyesha picha ya mistari ya vinasaba vya bakteria, ya kwangu na ya Kiti ubavu kwa ubavu, akasema, "Mzee, hawa wamelingana kabisa. Ni ukoo mmoja. Huwa mnakula pamoja?" Aliyasema haya mbele ya mke wangu, Loise.

2. Loise akauliza kuhusu bakteria wake. Wakawa wa ukoo mwingine! Sasa kila siku ni, "Miaka thelathini nakupikia, mbona tumbo lako limejaa jamaa za Kiti?" Na mboga siku hizi hazina chumvi.

3. Ikiwa bakteria wetu ni ndugu, kesho Kiti atadai urithi. Naomba kipimo kirudiwe, safari hii mbele ya mpima ardhi.

4. Mmetupa dawa zilezile. Mtu hawezi kupona kwa dawa moja na adui yake. Nipeni za rangi nyingine, la sivyo sitameza hata kidonge kimoja, kidonda kinitoe roho kikitaka.

Nisalimieni wote hapo maabara, na Lorna pia, ila yeye mwisho.

Wenu katika maumivu,
Zadock Kavumbi

Nyongeza: Miwani yangu ilivunjika, kwa hiyo aliyeandika barua hii ni Kiti. Mwaka wa pili wa ugomvi nilishikwa na homa shambani. Akanibeba mgongoni hadi kwake, na mkewe Kanze akanilisha uji. Tangu hapo nala kwao kila Alhamisi. Dawa tunameza pamoja, leo siku ya tisa, na maumivu yamepungua. Tafadhali msimwambie Loise. Nitamwambia mwenyewe Jumapili. Kiti amekubali kunisindikiza.