Taa ya Ruzuku ya Bibi Tabu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Bahi nzima hakuna kichwa kama changu. Shule niliacha darasa la sita, walimu walikuwa wananichelewesha. Sola dukani laki nne. Mradi unatoa ruzuku, wewe unalipa laki na nusu tu, sola moja kila kaya. Bibi yangu, Bibi Tabu, kauza mbuzi, kaweka dole gumba kwenye fomu. Anataka taa awaone nge kabla hawajampanda kitandani. Nikaenda kumchukulia. Njiani nikirudi nayo nikamuuzia Masudi, muuza samaki wa Mtera. Kwao ruzuku haijafika. Laki tatu na nusu! Nimenunua simu. Kesho namchukulia Bibi nyingine kwa bei ile ile.

Jumanne, 7 Oktoba
Karani kasema kaya yetu imeshapata. Dukani bado laki nne, hawapunguzi hata mia. Halafu Ijumaa mkaguzi anapita. Atakayekutwa na paa tupu, polisi! Nimekimbilia chooni mara tano.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepaka mlango wa kabati rangi nyeusi, nikaulaza juu ya paa la udongo la tembe letu, uonekane sola. Zablon kinyozi kapita, kauliza tangu lini tunaanika milango. Mshamba! Nikacheka. Kisha nikaingia ndani, nikapigilia swichi mbovu ukutani, nikamwambia Bibi taa imefika.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimetoboa tundu kwenye udongo wa paa, nikalala kifudifudi na tochi. Nikisikia swichi inalia, nawasha. Ikilia tena, nazima. Mkaguzi, dada Gladness, akabonyeza. Nikawasha. Bibi akapiga vigelegele, akamshukuru Mungu kwa Kigogo na Kiswahili. Dada akazima. Kwa vigelegele vile ningesikia wapi? Tochi ikaendelea kuwaka. Akabonyeza tena, na tena. Kisha akasema kwa upole: kijana wa juu, shuka.
Nikashuka. Akanivuta nyuma ya nyumba, Bibi asisikie. Akasema kaya imefutwa kwenye ruzuku. Laki mbili na nusu za mradi nizirudishe ndani ya siku saba, la sivyo kituoni.

Jumapili, 12 Oktoba
Pikipiki ikinguruma, naingia uvunguni. Simu nimeitembeza niiuze, hakuna anayeitaka. Lakini nasikia Chamwino wanaleta majiko ya gesi ya ruzuku, na shangazi Devota yuko kule na dole gumba lake zima. Kesho naenda.
Polisi, maneno ya Zablon, hayo yatapita. Lililoharibika hasa ni moja. Jioni Bibi anabonyeza swichi, anangoja, anasema labda leo jua lilikuwa dogo, mjukuu wangu. Naitikia ndiyo, Bibi. Gizani anapapasa kitanda kwa mkono mtupu, kama kuna nge, kisha analala.
Sijamwambia.