Asilimia Isiyotaja Mwezi

Mutahi aligundua jambo moja Mukurweini: huko ukitaja riba, watu husikia mwezi. Chama cha akiba hukopesha kwa mwezi, wakopeshaji wa sokoni hutoza kwa mwezi. Kwenye sarafu za mtandaoni, riba husemwa kwa mwaka. Basi mjanja hana haja ya kusema uongo, akijua tu pa kunyamaza.

Akawaendea kina mama wa kikundi cha maziwa. Walikuwa wamechanga laki nne za kununua mashine ya kupoza maziwa, maana maziwa ya jioni yaliwaharibikia kila siku.

"Mtukopeshe hizo pesa tuzigeuze sarafu," alisema. "Riba ni asilimia thelathini na sita."

Kina mama wakanong'ona. Mwenyekiti wao, Ngendo, akavaa miwani, akaisoma fomu aliyoileta Mutahi hadi chini kabisa, kwenye herufi ndogo kama siafu: riba ni kwa mwaka, pesa hufungwa miezi kumi na miwili.

"Ni sawa," alisema. "Lakini hapa hakuna mtu hushika pesa ya kikundi kama si member. Nunua shea ya elfu sitini. Sisi pia tunalipa riba, asilimia kumi. Pesa yetu itatoka bank mwisho wa mwezi."

Mutahi akapiga hesabu: elfu sita kwa mwezi, kisha laki nne juu yake. Akauza simu, akakopa kwa shemeji, akalipa. Karatasi aliyopewa kutia sahihi ilikuwa fomu yake mwenyewe, majina tu yamebadilishwa. Nani husoma alichoandika mwenyewe? Akatia sahihi kwa mbwembwe.

Mwisho wa mwezi alifika na begi. Ngendo akamhesabia shilingi mia tano.

"Mama, si ni elfu sita?"

"Ni elfu sita, lakini ya mwaka. Gawanya na kumi na mbili."

"Basi nirudishie sitini yangu."

"Imefungwa mpaka mwaka iishe. Si ni wewe uliandika?"

"Na ile laki nne?"

Ngendo akaelekeza kidevu pembeni, mashine mpya iliponguruma. "Tulikuwa tumebakisha elfu sitini tu. Mungu ni mwema."

"Nitaenda polisi."

"Enda. Ubebe na hiyo fomu yako."

Mutahi alitamani kulia. Akainuka, lakini Ngendo akachomoa mia mbili mkononi mwake.

"Hii ni faini, umechelewa meeting. Na mwezi ujao tunakunywa chai kwako, member. Andika hapa mahali unaishi."