Matembezi ya Mto na Wasemaji Kumi na Tisa

Jumatatu, 8 Januari

Nimeamua. Uenyekiti wa maktaba ya kijiji lazima uwe wangu. Uchaguzi ni Jumapili. Wapiga kura thelathini na mmoja. Mwalimu Unneeri amekalia kiti hicho miaka tisa, na kwa miaka tisa amejaza rafu riwaya za mapenzi bila kununua hata kijitabu kimoja kati ya kumi na kimoja nilivyoandika. Hata kile cha kuutetea mto! Kurasa sitini za moto mtupu!

Basi nitampiga kwa silaha asiyokuwa nayo. Jumamosi asubuhi nitaongoza kijiji kizima kwenye Matembezi ya Kuufurahia Mto. Ndege, maua, hewa safi. Jumapili watanipigia kura wakiwa bado na matope miguuni.

Mke wangu Devayani kauliza mara ya mwisho nilishuka mtoni lini. Nikamwambia mtu wa fikra hahitaji kuloa. Akasema, “Haya, Baba Sarasu,” kwa sauti yake ile.

Jumanne, 9 Januari

Bango limechapishwa. Mchapishaji alikuwa ameweka yangeyange mkubwa kuliko kichwa changu. Nikamwamuru ampunguze. Kampunguza kweli. Sasa ni kama nzi aliyetua sikioni mwangu. Si kitu. Sura yangu imetoka vizuri.

Jumatano, 10 Januari

Kikwazo, kisha ushindi! Kumaran fundi cherehani kasema hatembei hatua moja asipopewa nafasi ya kutoa hotuba ya pongezi. Ana haki yake. Katika jimbo letu zima la Kerala hata choo hakifunguliwi bila hotuba ya ukaribisho, ya mwenyekiti, ya ufunguzi, za pongezi na ya shukrani. Nikampa. Kufika dukani, muuza duka naye akataka. Ndipo nikang'amua: kila msemaji ni kura! Nikazunguka nyumba kwa nyumba hadi magharibi nikigawa hotuba kama peremende. Wasemaji kumi na tisa. Kumi na tisa kati ya thelathini na moja!

Nilimkuta Unneeri kibandani akinywa chai. Nikamwarifu, kwa masikitiko makubwa, kwamba ratiba imejaa.

“Usijali, Chathukutty,” akasema. “Mimi nitatembea tu.”

Masikini. Siasa hazijui kabisa.

Alhamisi, 11 Januari

Devayani kasisitiza kwamba kiongozi aijue njia. Nikakunja kikoi, nikashuka. Hatua ya ishirini, mguu wa kushoto ukazama matopeni hadi gotini. Wa kulia ukafuata. Nikapiga ukelele. Mbele yangu kichwa kikaibuka majini: Bibi Kunjipennu, yule anayepiga mbizi kuokota kome.

“Tulia, mwanangu,” akasema. “Ukipapatika utazama hadi kitovuni. Nijaze kikapu kwanza, nakuja.”

Kikapu chake hakijui haraka. Nilisimama tuli saa nzima.

Hapa niandike ukweli, maana hakuna atakayesoma. Fisi maji wanne walitoka kwenye mizizi ng'ambo, mama na watoto watatu. Mmoja wa watoto alikamata samaki. Samaki akamchapa usoni na kwenda zake, na mtoto akalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mama akamsukuma kidogo kwa pua, akazama, akamletea mwingine. Jua lilikuwa linapenya kwenye majani ya mikadi na maji yote yamegeuka rangi ya chai. Nikamsahau Unneeri. Nikasahau hata sentensi niliyokuwa naitunga. Kwa kama robo saa sikuwa na maoni juu ya kitu chochote.

Kisha bibi akanivuta kwa mwanzi. Akasema nilete watu wachache, jua likiwa bado chini ya minazi, na midomo waifunge. Akanionyesha shimo kubwa ukingoni ambapo zamani palikuwa na kome. Malori yamechota mchanga wote. “Baraza lako jipya limetoka hapa, mwanangu. Lile unalokalia ukiandika habari za mto.”

Nikamweleza kwamba hilo ni suala la mfumo, si la mtu mmoja mmoja.

“Huo mfumo una baraza zuri,” akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Jioni nimeazima vipaza sauti viwili zaidi. Vikubwa.

Jumamosi, 13 Januari

Usaliti!

Saa kumi na mbili na nusu kijiji kizima kimekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya maktaba. Taa ya shaba ya kufungulia hafla ikakataa kuwaka kwa upepo. Dakika ishirini. Hotuba ya ukaribisho ikaanzia kuumbwa kwa dunia. Msemaji wa tatu alieleza kazi ya mapafu. Wa tano alimjibu wa tatu. Kwenye wa sita Unneeri akanyanyuka taratibu, akavua ndala, akazishika mkononi, akapotelea nyuma ya minazi. Wawili wakamfuata. Kisha safu nzima. Kisha Devayani! Nilimkazia macho. Akanipungia mkono.

Kufikia wa kumi na moja, waliobaki ni wasemaji wanaosubiri zamu. Aliyemaliza kusema naye akaenda. Saa nne na robo, Kumaran alinipongeza mimi peke yangu, kwa vipaza sauti vinne. Kila alipovuta pumzi, kutoka mtoni tulisikia vicheko, na sauti ya Bibi Kunjipennu ikisema, “Shhh, yule pale, yule pale!”

Hotuba ya shukrani nilivitolea viti vitupu.

Jumapili, 14 Januari

Unneeri ishirini na tisa. Mimi mbili. Moja ni yangu.

Akanifuata nje. Akasema sasa watatembea kila Jumamosi, kimyakimya, na Jumanne wanakwenda kukaa barabarani kuyazuia malori ya mchanga. “Njoo, Chathukutty. Tunahitaji mtu mkali kama wewe.” Nikamuuliza nani atakuwa mwenyekiti wa kukaa huko. Akasema hakuna, watu watakaa tu.

Nimekataa. Nina heshima yangu.

Jumatatu, 15 Januari

Nimejitenga! Leo nimezindua barazani kwangu Maktaba ya Kijiji (Halisi). Wanachama wawili: mimi na Kumaran, ambaye kura ya pili ilikuwa yake. Nikachaguliwa mwenyekiti kwa kauli moja. Chai haijapoa, Kumaran akadai ukatibu, kisha akadai kwamba katibu ndiye azungumze kwanza. Nikamkumbusha katiba. Akanikumbusha kwamba bado haijaandikwa. Saa sita mchana naye akajitenga, akaenda kuanzisha yake.

Nikaitisha uchaguzi upya. Nimeshinda bila mpinzani.

Hotuba ya kukubali uongozi niliitoa wima, dakika arobaini, juu ya mapenzi yangu kwa viumbe. Dakika ya thelathini mdiria akatua kwenye kamba ya nguo, mbele yangu hasa, mgongo wa buluu, kifua cheupe, akaanza kulia kwa nguvu. Nikamfukuza kwa gazeti. Hakuwa kwenye ratiba.