Sokawei ya Mzee Ndahani

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya wateja wangu mwenyewe.

Mnajua napika chakula cha kuuza uani kwangu, hapa Zuzu. Asubuhi namkuta jirani yangu Mzee Ndahani anachimba shimo kando ya uzio, karibu kabisa na jiko langu. Nikamwamkia, nikamuuliza ni la nini.

"Sokawei tu, binti yangu."

Sokawei! Mimi sokawei ninayoijua ni shimo la kupokea maji ya choo. Nikaona mzee ananifungia biashara. Nani atakula wali pembeni ya choo cha mtu? Na alivyokuwa anatabasamu (mtu anayetabasamu na sururu mkononi mimi simwamini).

Nikawa namchungulia. Akaleta mawe, nikasema anataka kufunika ushahidi. Akaleta bomba, nikasema hilo sasa ndilo lenyewe. Akanipungia mkono, nikajua huyu ana lake jambo. Nikaenda kumwita mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti alifika wateja wamejaa. Nikapaza sauti wote wasikie: "Harufu yenyewe imeshaanza, hamuisikii?"

Wateja wakaacha kula. (Nani alinituma?)

Mwenyekiti akainama shimoni, akanusa. Akanusa tena. Akamuuliza mzee, "Hii sokawei ni ya maji gani?"

"Ya mvua. Yanatoka kwenye bati la huyu binti, yanamwagikia kwangu. Masika iliyopita yaliangusha banda langu la kuku. Sikutaka tugombane, nikaona niyachimbie shimo yazame ardhini."

Ila harufu ilikuwepo kweli, na mwenyekiti naye alishaisikia. Akaifuata kwa pua taratibu, akazunguka uzio, akapita meza za wateja, akaja kusimama mbele ya beseni langu la dagaa niliowaloweka tangu jana.

Dagaa wa wali wa leo.

Mteja mmoja akasukuma sahani pembeni. Aibu niliyoisikia naijua mwenyewe. Nikamwomba mzee radhi, nikampa na shikamoo ya pili. Akaitikia, akavuta kiti, akaagiza wali.

"Niwekee maharage, binti yangu. Hao dagaa ndio watafutie sokawei."

Kesho napika maharage tu. Atakayecheka akumbuke kwamba sahani yake naipakua mimi.